Maswali ya Wasomaji: Vizuka Vinavyowaka na Kuzimika

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mjomba wangu ameniachia mtambo wa michezo ya video wa Atari 2600 na kaseti ya mchezo wa Pac-Man. Kila nichezapo, vile vizuka vinne huwaka na kuzimika bila kukoma, ilhali Pac-Man mwenyewe anaonekana vizuri. Je, mtambo umeharibika?

JIBU: Mtambo wako haujaharibika, ndugu msomaji, kwani kaseti hiyo ilitoka kiwandani ikiwa hivyo mwaka 1982. Atari ilipouza mtambo huu kwa mara ya kwanza mwaka 1977, ilikusudia michezo ya watu wawili kupigana kwa vifaru au kupigiana mpira; kwa hiyo chipu yake ya picha ilipewa maumbo mawili ya wachezaji, risasi mbili na mpira mmoja, basi. Pac-Man wa kampuni ya Namco, aliyebuniwa na Toru Iwatani kwa ajili ya mashine za kumbi za michezo, anahitaji maumbo matano yanayotembea kwa wakati mmoja. Tod Frye, aliyeandika programu ya kaseti hiyo, alivipokeza vizuka vinne nafasi moja, kila kimoja kikichorwa mara moja katika kila picha nne. Na kwa kuwa televisheni za Marekani huonyesha picha 60 kwa sekunde, kila kizuka huonekana mara 15 tu.

Wengi humlaumu Frye kwa uzembe, nami naona wanamwonea. Mtambo una kumbukumbu ya baiti 128, pungufu ya herufi zilizomo katika swali lako, wala hauna mahali pa kuhifadhi picha nzima, hivyo programu hulazimika kuichora mstari kwa mstari, ikikimbizana na mwali wa elektroni unaopita kwenye kioo cha televisheni. Kaseti yenyewe ilikuwa na kilobaiti 4 pekee. Ndiyo maana hata vidonge anavyokula Pac-Man vimekuwa vistari vifupi, na upande mmoja wa mzingile ni taswira ya mwenzake, kama kwenye kioo cha kujitazamia.

Ukitaka kuona kaseti kubwa zaidi inavyosaidia, tafuta Ms. Pac-Man ya mtambo huohuo: ilipewa kilobaiti 8, na humo vizuka huzimika kwa nadra zaidi. Kwa hiyo usimpelekee fundi mtambo huo afungue chochote. Futa vumbi kwenye meno ya kaseti, kisha uendelee kucheza.