Rubani hupakia nini kwa safari ya kazi ya siku nne? Jibu kwa fundi wa mabegi wa Moshi

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi ni fundi wa mabegi ya ngozi na turubai, karakana yangu iko Pasua, hapa Moshi. Nimepata oda kutoka kwa rubani mmoja anayetaka mabegi mawili ya safari za kazi za siku tatu hadi nne. Nilimwonyesha sampuli yenye vifungo vya sumaku akaikataa palepale, na nilipompendekezea begi moja kubwa badala ya mawili, alicheka. Sikutaka kumsumbua kwa maswali. Je, marubani hubeba nini hasa, vitu hivyo hupangwaje, na nimwekee magurudumu au nisimwekee?

JIBU: Marahaba, fundi. Mteja wako hakucheka kwa dharau. Alicheka kwa sababu mabegi hayo mawili yana kazi mbili zisizochanganyika, na kila rubani hujifunza jambo hilo mapema, mara nyingi kwa aibu. Begi la kwanza ni la kazi, nalo hukaa ndani ya chumba cha marubani, mahali ambapo mkono unalifikia bila mtu kufungua mkanda wa kiti. Begi la pili ni la nguo na malazi, na hilo linaweza kuwekwa kabatini, kwenye sehemu ya mizigo au popote penye nafasi, kwa kuwa hakuna atakayelihitaji mpaka hotelini. Ninapopakia usiku wa kuamkia safari, kila kitu nakiuliza swali moja: nikikikosa hiki kesho, ndege itaondoka? Kama haitaondoka, kinaingia begi la kwanza. Kama itaondoka nami nikabaki na usumbufu wangu, kinaingia la pili.

Vitu vinavyoweza kuizuia ndege ni vichache na vingi ni karatasi. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kimataifa, unataka leseni za marubani na wahudumu wote ziwe ndani ya ndege inayosafiri nje ya nchi. Leseni huambatana na cheti cha afya, ambacho kwa rubani wa ndege za abiria hudumu miezi 12, na hupungua hadi miezi 6 umri unaposonga. Kuna pasipoti, kitambulisho cha kazi, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo wasafiri wanaoingia Uganda, kwa mfano, hutakiwa kuwa nayo. Aliyewekewa sharti la miwani kwenye cheti chake cha afya, kama mimi, hulazimika pia kuwa na miwani ya pili ya akiba iliyo karibu. Kwa hiyo ninapokuambia kuwa begi la kazi linahitaji mfuko mgumu wa miwani, si urembo. Tena uwe na nafasi ya miwani mitatu: ya kusomea, ya akiba na ya jua.

Mfuko wa nyaraka uushone upande unaogusa mwili wa mbebaji, uwe na zipu yake, na usiwe na kazi nyingine yoyote. Nina sababu ya kusisitiza. Miaka kadhaa iliyopita nilihamishia vitu vyangu kwenye begi jipya usiku, na alfajiri nilipofika uwanja wa ndege wa KIA nikagundua kuwa leseni imebaki nyumbani Njiro, Arusha, katika kijimfuko cha begi la zamani ambacho kilikuwa kimejificha chini ya bitana. Kutoka pale hadi Arusha ni kama kilomita 50. Jirani aliamshwa, bodaboda ikatafutwa, na abiria waliosubiri zaidi ya saa moja wakaambiwa kuwa ndege imechelewa kwa sababu za kiutendaji. Sababu hiyo ya kiutendaji ilikuwa imesimama dirishani imevaa tai.

Sasa vifungo vya sumaku. Hata ndege ya kisasa yenye mifumo ya kielektroniki ya kuonyesha mwelekeo bado huwa na dira ndogo ya akiba, ile ya sindano ya sumaku, ambayo hutegemewa mifumo mingine yote inaposhindwa. Sumaku au chuma kikiwekwa karibu nayo, dira hiyo hudanganya, na katika ndege ndogo begi linaweza kuwa karibu nayo sana. Kuna sababu nyingine ya kila siku. Siku hizi ramani zetu ziko kwenye kishikwambi, na vishikwambi vingi hutambua sumaku iliyo kwenye jalada lake na kuzima kioo, hivyo kifungo chako kikigusa mahali pabaya, ramani inapotea wakati rubani anaihitaji. Tumia zipu, au mkanda wenye bizimu ya plastiki ngumu.

Kishikwambi chenyewe ndicho kilichobadilisha umbo la begi hili. Tulipoanza kazi tulibeba mikoba mikubwa ya ngozi iliyojaa ramani na vitabu vya taratibu za viwanja, na kwa kuwa taarifa hizo hubadilishwa duniani kote kwa mzunguko wa siku 28, jioni nyingi ziliishia mezani tukichomoa kurasa za zamani na kuchomeka mpya. Shirika la American Airlines la Marekani lilipokamilisha mwaka 2013 kazi ya kuhamishia makaratasi hayo kwenye vishikwambi, liliondoa mikoba yenye uzito wa zaidi ya kilo 15 kwa kila rubani. Ukikutana na fundi mzee aliyewahi kushona mikoba ile, muulize jinsi vishikio vilivyokuwa vikikatika. Begi langu la sasa, likiwa limejaa, halifiki kilo 7.

Kwa hiyo kishikwambi kinahitaji mfuko wenye sponji pande zote mbili, ulio mbali na chupa ya maji. Chupa ishonewe mfuko wa nje, kabisa nje, maana maji yaliyomwagika ndani ya begi la kazi ni hasara isiyosubiri. Pembeni uwepo mfuko mwepesi kufunguka kwa ajili ya pawabenki. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege, kwa sababu betri ikishika moto huko hakuna wa kuiona wala wa kuimwagia maji, ilhali ndani ya kabini moto huo hupambanwa nao. Kiwango cha kawaida ni kisichozidi wati-saa 100. Pawabenki ya miliampia-saa 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, basi hiyo inapita. Ile kubwa ya kuwashia televisheni iache nyumbani.

Vitu vingine vya begi la kazi nitavitaja kwa haraka. Hedseti, yaani vipokea sauti vyenye kinasa sauti mbele ya mdomo, ndiyo inayokula nafasi kuliko vyote, na haikunjiki hadi ikawa bapa. Kuna kizibao cha kuakisi mwanga cha kuvaa tunapotembea katika eneo la maegesho ya ndege, na kalamu tatu, kwa kuwa moja huazimwa na moja hupotea. Kuna tochi, ambayo kanuni za safari za usiku zinaitaka, na ambayo rubani huitumia anapoizunguka ndege gizani akitazama matairi, breki na alama za mafuta yanayovuja. Miwani ya jua iwe ya kawaida, si ile yenye kioo cha kuchuja mng'ao, kwa kuwa ukiivaa hiyo vioo vya mitambo huonekana vyeusi ukigeuza kichwa kidogo. Na bitana, fundi wangu, iwe ya rangi nyepesi: kijivu, krimu, hata njano. Karibu kila kitu tunachobeba ni cheusi, na kukitafuta kitu cheusi ndani ya begi jeusi saa kumi usiku ni adhabu.

Nimetaja saa, na hapo pana kichekesho chetu. Kazini tunatumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Tanzania kwa saa tatu. Ratiba ikisema 04:00, simu yangu husoma 07:00, na mke wangu huambiwa saa moja asubuhi. Ndiyo maana saa yangu ya mkononi ina mishale miwili ya saa, na ndiyo maana siiachi nyumbani.

Begi la pili halina siri nyingi, ila lina hesabu. Kwa siku nne napakia mashati meupe matatu na jingine moja ambalo huingia begi la kazi, limekunjwa bapa pamoja na mistari yake ya mabegani, kwa sababu chai ya maziwa na shati jeupe havijawahi kuelewana ndege inapotikisika. Suruali ya pili, soksi nyeusi, nguo za ndani za siku tano, viatu vyepesi vya kutembelea, na sweta. Watu wa pwani hushangaa sweta, lakini safari moja inaweza kukupitisha Dar es Salaam unakotoka jasho, kisha ukalala Johannesburg mwezi Julai, ambako usiku baridi hukaribia nyuzi sifuri. Nabeba pia kikoi. Ni taulo, ni shuka, ni mto, na ni pazia mahali pasipo na pazia. Nguo chafu zinahitaji mfuko wake, na kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, mshonee mteja wako mfuko wa pamba kwa vipande vilivyobaki. Atakushukuru kuliko unavyodhani.

Sehemu ya sabuni, dawa ya meno na mafuta ya kujipaka iwe na bitana isiyopenyeza maji, na izibwe kwa zipu. Hewa ya ndani ya ndege kubwa ikiwa juu hulinganishwa na ya mtu aliyesimama kwenye mlima wa hadi mita 2,400 hivi, wakati Arusha iko kwenye mita 1,400. Hewa iliyofungwa ndani ya chupa hapa nyumbani hutanuka huko juu na kuyasukuma mafuta nje kupitia kifuniko. Kinyume chake, chupa ya maji uliyoifunga angani utaikuta imebonyea ukitua Dar es Salaam.

Dawa ni kijimfuko kidogo, lakini kina masharti. Rubani hawezi kumeza Piriton kwa ajili ya mafua kisha akaenda kazini, kwa kuwa inaleta usingizi. Meflokwini ya kukinga malaria hairuhusiwi kwa marubani, kwa sababu inaweza kuleta kizunguzungu na kuvuruga usingizi na akili. Dawa za maumivu zenye kodeini hudhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu, basi haziingii begi linaloweza kufika Dubai. Kinachobaki ni paracetamol, chumvi za kuongeza maji mwilini na plasta.

Halafu kuna vitu vya usingizi, ambavyo wasio marubani huviona vya anasa. Tunalala mchana ili tufanye kazi usiku, na mapazia ya hoteli huwa hayakutani katikati. Ule ufa mmoja wa mwanga, upana wa kidole, hupita kitandani taratibu mpaka ukakufikia jicho saa nane mchana. Vibanio viwili vya nguo, vile vya kamba ya kuanikia, humaliza tatizo hilo. Viko kwenye mfuko wa pembeni wa begi langu pamoja na vizibo vya masikio na adapta ya umeme, maana plagi yetu ya pini tatu za mraba inakubali Nairobi na Dubai lakini haingii Addis Ababa wala Johannesburg. Pasipoti ikiingia kasha la usalama la chumbani, nafungia humo na kiatu kimoja cha kazi. Hakuna aliyewahi kutoka hotelini na kiatu kimoja.

Kuhusu magurudumu, kabla hujashona chochote muulize mteja wako anarusha ndege gani. Kama ni ndege za abiria za safari ndefu, begi la nguo liwe na magurudumu, likaribie sentimita 55 kwa 40 kwa 20, na magurudumu yafungwe kwa skrubu badala ya ribiti ili yabadilishwe yakiisha. Begi la kazi lisiwe nayo; lishonee mkanda mpana mgongoni ambao kishikio cha begi lenye magurudumu kitapita katikati yake, ili yote mawili yavutwe kwa mkono mmoja. Lakini kama anatoka uwanja wa Kisongo, Arusha, na ndege ndogo ya Cessna Caravan kwenda Seronera au Kogatende huko Serengeti, habari ni nyingine. Huko abiria kwa kawaida huambiwa wabebe kilo 15 kwenye begi laini, kwa kuwa mizigo husukumwa ndani ya sanduku lililo chini ya tumbo la ndege, na rubani hana haki ya kuja na begi gumu linalokula nafasi ya mgeni aliyelipa nauli. Nilipokuwa nikiruka huko nilitumia begi la turubai lisilo na fremu, na vumbi la viwanja vya mbugani lilikuwa likipenya kila zipu isiyo na kifuniko. Zipu zake zishonee ulimi wa kitambaa juu.

Rangi iwe nyeusi au buluu iliyokolea, kwa sababu sare inataka hivyo. Ila kwenye kishikio mfungie kipande cha kitenge. Mabegi yetu yakipangwa mapokezi ya hoteli yanafanana yote, na rubani msaidizi wangu aliwahi kupanda lifti na la kwangu akaniachia lake, nami nikalala Entebbe nikiwa na mashati ya mtu mwenye shingo nyembamba kuliko yangu. Mwisho, usipime kwa makadirio: mwambie mteja akuletee hedseti yake, kishikwambi chake kikiwa ndani ya jalada lake, na viatu vyake, uviweke juu ya meza ndipo ukate turubai.