Alama ya Firefox Inabofywa, Haifunguki

Swali: Habari za kazi, fundi? Nina steshenari karibu na stendi ya Moshi. Nikibofya alama ya Firefox, programu ninayofungulia intaneti, kiduara kinazunguka kidogo, kisha kimya. Wateja wanasubiri fomu zao. Nifanyeje?

Jibu: Salama, dada, na pole. Tafadhali usikimbilie kufuta programu. Mara nyingi Firefox ya mwanzo haikufungika vizuri. Imekwama nyuma ya pazia, inazuia nyingine isifunguke. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafute Firefox kwenye orodha ya programu itakayotokea, izime, ujaribu tena.

Ikigoma, ifungulie kwenye menyu ya Start. Ikifunguka huko, mbovu ni alama tu. Hiyo ifute bila hofu: ni njia ya mkato ya kuifikia programu, si programu yenyewe, nywila zako haziguswi. Kisha tengeneza nyingine.