Kulala ndani ya maigizo: jibu kwa aliyeuliza kuhusu hoteli za Orlando

Mkuu, umeuliza kama kuna faida kulala kwenye hizi hoteli za kuigiza (zinazojifanya mbuga, msitu au chombo cha anga) zilizo ndani ya viwanja vya burudani huko Marekani, au ni kupigwa tu. Nimelala mbili, na mke na watoto wawili, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona. Kwa kifupi, inategemea utakaa hotelini kwa saa ngapi. Kwa kirefu ni hivi.

Ya kwanza ni Disney's Animal Kingdom Lodge, hoteli ya kampuni ya Disney karibu na Orlando, jimbo la Florida. Ipo tangu 2001. Jengo limepinda kama boma la ng'ombe, paa la nyasi, na nyuma ya vyumba kuna mbuga ya kutengenezwa: twiga, pundamilia, tandala, na wale ng'ombe wa Ankole wenye pembe kama matawi. Unaamka, unavuta pazia, unatazamana na twiga anayetafuna.

Sisi Waswahili tuna burudani ya ziada pale ambayo wenyeji hawaipati: majina. Jengo moja ni Jambo House, lingine Kidani Village. Migahawa ni Boma, Jiko na Sanaa. Bwawa la kuogelea ni Uzima. Siku ya pili mtoto wetu mdogo akaamka na mafua, nikaona kibao kimeandikwa Zahanati. Nikamwambia mama watoto, afadhali, tumpeleke hapa hapa. Kufika, watu wanakimbia kwenye mashine, jasho linawatiririka. Ni jimu! Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Hapo ndipo utamu na udhaifu wa hoteli za namna hii vinapokutana. Ukumbini kuna kinyago kikubwa cha Ijele cha Waigbo wa Nigeria, umbo la jengo limetoka kusini, majina ni ya pwani yetu. Afrika nzima imetiwa sufuria moja. Mgeni asiyejua anaona amefika mahali. Wewe unayejua unaona umeingia duka la kumbukumbu lenye vitanda. Ila sikukasirika, maana vitu vyenyewe ni vizuri na vimetengenezwa kwa heshima. Pale Sanaa wanaleta mikate ya naan na vibakuli 9 vya chachandu, unakula ukiangalia wanyama dirishani. Mtu aliyekulia kwenye achari na chapati haoni ugeni.

Kilichonipendeza zaidi ni kwamba twiga hana ratiba. Hakuna anayekuambia ukae wapi na ushangae saa ngapi. Wafanyakazi kadhaa wametoka Afrika kweli, na beji zinaonyesha walikotoka. Kijana mmoja wa Botswana alikaa na binti yangu karibu nusu saa wakihesabu nyumbu, na hakumuuzia kitu.

Linganisha na ile iliyojaribu kuigiza mpaka mwisho, Star Wars: Galactic Starcruiser, ya Disney hao hao, iliyoigiza meli ya anga za juu kutoka sinema za Star Wars. Hiyo sikulala, ilifungwa kabla sijajichanga (na hata ningejichanga, sijui). Ilianza Machi 2022: vyumba 100, usiku 2, wote mnaingia pamoja na kutoka pamoja kama abiria wa meli. Madirisha yalikuwa skrini za anga za juu. Waigizaji walikuwa kila kona, na simu inakuletea ujumbe: nenda huku, msaidie fulani, wahi mafunzo. Watu wawili walikuwa wanalipa karibu dola 4,800. Septemba 2023 ikafungwa. Walioingia wengi waliwasifu sana waigizaji, na mimi nawaamini. Lakini fikiria, umelipa hela zote hizo halafu unaogopa kwenda chooni usije ukapitwa na sehemu ya hadithi. Hiyo siyo likizo tena, ni zamu.

Hoteli ya pili niliyolala, jina naliweka kapuni. Ilikuwa ya msitu wa mvua, jimbo jingine. Picha mtandaoni zilikuwa moto. Kufika, magome ya miti ya korido yamebanduka, povu jeupe linachungulia. Juu ya mlango wetu kulikuwa na kasuku wa umeme anayepiga kelele kila baada ya dakika chache. Usiku wa kwanza watoto walimpenda. Usiku wa pili nilikuwa mapokezi na pajama naomba wamzime, naambiwa swichi ni moja kwa ghorofa nzima. Lifti nayo ilikuwa na sauti ya mvua inayonyesha. Mwenye mtoto wa miaka 4 anaelewa nilichopitia kati ya ghorofa ya tano na ya chini.

Sasa kosa langu mwenyewe, usilirudie. Safari ile ya Florida nilinunua tiketi za viwanja vya burudani kwa siku zote. Saa moja asubuhi tuko kwenye basi, saa nne usiku tunarudi tumebeba watoto waliolala. Nimelipia chumba cha kuangalia mbuga, ambacho ni ghali kuliko cha kawaida, ili nitazame giza. Asubuhi moja tu ndiyo tuliyokaa. Kwa hiyo tenga siku nzima ambayo hamwendi popote. Kama hela inabana, chukua chumba cha kawaida, kuna sehemu za wazi ambako kila mgeni anasimama kuangalia wanyama. Au lala hoteli ya bei nafuu nje, weka nafasi ya chakula pale Sanaa, mle, mtazame twiga, muondoke.

Asubuhi hiyo moja nilimrekodi twiga kutoka kibarazani nikamtumia mama yangu Morogoro. Miaka yote tukipanda basi la Mbeya tulikuwa tunakata katikati ya mbuga ya Mikumi, twiga wanatutazama bure. Akanipigia hapo hapo: "Mmefika Mikumi? Mbona mmepita hapa nyumbani bila hata kushuka?"