Jibu: "Wetback" kwenye makala ya 1954, nalitafsirije?

Mkuu, salama. Umeitafsiri "Operation Wetback" neno kwa neno, "Operesheni Mgongo Uliolowa", wasomaji wakadhani ni habari za wavuvi.

Angalia kwanza nani anasema. Hapo ni jina rasmi: idara ya uhamiaji ya Marekani ndiyo iliyoita "Operation Wetback" ile kamatakamata ya Wamexico ya 1954, enzi za Rais Eisenhower. Liache lilivyo, ueleze mara moja kwamba ni tusi kwa wahamiaji wa Mexico. Chimbuko ni mto Rio Grande, mpakani mwa Texas na Mexico: aliyeuvuka bila kibali alitokea ng'ambo amelowa. Baadaye likabandikwa hata kwa aliyepitia jangwa la Arizona, viatu vikavu kabisa.

Mimi niliwahi kuandika "wavuka mto". Mhariri akaniuliza kama ni mashindano ya kuogelea! Dharau yote ilikuwa imeyeyuka.

Ukikuta Wamexico wenyewe wakiitana "mojado", yaani "aliyelowa" kwa Kihispania, pima upya, maana kati yao huweza kuwa utani tu. Ila mwaka 2013 Don Young, wakati huo mbunge wa Marekani kutoka Alaska, alipowaita "wetbacks" vibarua wa zamani wa shamba la baba yake, ilibidi aombe radhi. Kwa sauti yako mwenyewe, andika "wahamiaji wasio na vibali".