Kamba wa Louisiana: nini kiingie sufuriani, na kiingie lini?

SWALI: Naandaa mlo wa kamba wa maji baridi (crawfish) nyumbani hapa Houston, watu 10. Nimeagiza gunia moja la pauni 30, na nimeazima sufuria ya lita 75 pamoja na jiko lake la gesi. Kila ninayemuuliza ananiongezea kitu: viazi, mahindi, soseji, uyoga, nanasi, hata kabichi. Mwaka jana tulitia vyote kwa pamoja. Viazi vikavurugika, mahindi hayakulika kwa ukali wa pilipili, na kamba wenyewe wakawa chapwa. Tutie nini, kiasi gani, na tuanze na kipi?

JIBU: Ndugu msomaji, karibu vyote ulivyotajiwa vinafaa. Kilichowaharibia ni wakati. Kabla ya kutia kitu chochote katika sufuria hii, jiulize mambo mawili: kinaiva kwa dakika ngapi, na kinanyonya supu kiasi gani. Kiazi huiva polepole na hunyonya kwa kiasi. Uyoga huiva upesi na hunyonya kama sifongo. Kamba huiva kwa dakika tatu tu, lakini ladha haimwingii wakati wa kuchemka. Humwingia moto ukishazimwa.

Anza na maji: lita 38, yaani nusu ya sufuria. Kilo 14 za kamba na kilo kadhaa za viungo na mboga zitayapandisha kwa zaidi ya lita 20, na povu nalo linataka nafasi. Ukianza na robo tatu, maji yatafurika na kumwagikia jiko, na aliye karibu ataungua miguu. Pikia nje, mahali pa wazi, kamwe si gereji: jiko la aina hii hutoa kaboni monoksidi, hewa yenye sumu, na mvuke wa pilipili peke yake unatosha kuwafukuza watu ndani.

Katika maji hayo tia kilo 2 za viungo vya unga vinavyouzwa kwa kazi hii (mfuko wa pauni 4.5 hutosha gunia), vitunguu maji 6 vilivyokatwa katikati, vichwa 10 vya kitunguu saumu vilivyokatwa kwa upana, malimau 8 na majani ya mbei 8. Ukitaka utamu kidogo, machungwa 4. Soma maandishi ya mfuko kabla ya kuongeza chumvi, maana sehemu kubwa ya unga ule ni chumvi. Kuna pia viungo vya maji vya chupa. Hivyo ni vikali mno. Kwa gunia moja la kamba, ukiwa umeshatia unga wote, mililita 120 ni mwisho. Acha vichemke dakika 10 kisha onja. Supu iwe na chumvi na ukali kuzidi unavyoweza kuinywa, kwa sababu ganda linazuia, na ni sehemu ndogo tu itakayofika kwenye nyama.

Usizidishe malimau, wala usitie siki kama wengine wanavyoshauri. Asidi hukaza viazi: utachemsha nusu saa na katikati bado pagumu. Maganda ya malimau nayo yakichemka muda mrefu hutoa uchungu. Kama unapenda uchachu, kamulia malimau mengine mezani.

Sasa viazi: kilo 2.3, vya ngozi nyekundu, vidogo kama yai, na visimenywe. Vyenu vilivurugika, nadhani, ama kwa kuwa vilikuwa vya aina ya unga, ile ya chipsi, ama vilikatwa vipande, ama vyote viwili. Vitie katika mfuko wa wavu ili uweze kuvitoa bila kupekua sufuria. Baada ya dakika 10 choma kimoja kwa kisu: ncha iingie, lakini katikati ikutane na ugumu kidogo. Hapo ndipo pazuri, kwa kuwa bado kuna moto wa kuwaivisha kamba na loweko refu (kukaa ndani ya supu moto ukishazimwa) mbele yake. Kiazi kilichoiva kabisa saa hii kitakuwa uji baadaye.

Soseji, kilo 1.5, ikatwe vipande vya sentimita 4 na iingie dakika 5 kabla ya kamba. Ile ya asili ya Louisiana, andouille, ni ya nguruwe. Kama kuna wageni wasioila, nunua ya kuvuta moshi ya ng'ombe au bata mzinga kwa sufuria nzima. Kuitenga mezani hakusaidii, mafuta yake yatakuwa yameshaenea kote. Na isizidi kiasi hicho hata kama wote wanaila: ukali wa pilipili huyeyuka katika mafuta kuliko majini, kwa hiyo mafuta yanayoelea juu huwa makali kuliko supu yenyewe, na ukiinua kikapu cha ndani kila kitu kinapita humo. Hilo lilichangia mahindi yenu kutolika.

Kamba wasafishwe mapema kwa maji safi, mara tatu nne, hadi maji yatoke bila tope. Chumvi haisafishi utumbo wao. Ni imani iliyozoeleka tu. Usiwaache katika beseni la maji yaliyotulia, kwani hewa huisha majini nao hufa. Gunia likae mahali pa baridi, na unyevu juu yake. Waliokufa kabla ya kupikwa watupwe, maana nyama yao huoza upesi.

Ukiwatia sufuriani, mchemko utakata. Ongeza moto hadi mwisho, funika, na usihesabu chochote mpaka mchemko urudi wote, si vipovu vya pembeni. Hapo hesabu dakika 3. Mwanzoni mwa msimu, Januari na Februari, ganda ni jembamba na dakika 2 zinatosha. Mei na Juni limekomaa, nenda hadi 4 au 5. Wakizidi kuchemka nyama hung'ang'ania ganda na kukatika mkononi. Hii ndiyo sababu ya kutojaza makorokoro: kila kilo ya ziada inachelewesha mchemko kurudi, na kamba wanapikika muda wote huo bila wewe kuhesabu. Kwa kipimo changu, viazi, soseji, mahindi na uyoga kwa pamoja visizidi nusu ya uzito wa kamba.

Zima moto. Papo hapo tia mahindi matamu 12 yaliyokatwa nusu na kugandishwa kwenye friza. Kugandishwa kuna kazi mbili. Yanapoza supu ili kamba waache kuiva, na yenyewe hayapati nafasi ya kunywa pilipili tangu mwanzo. Mahindi hushika supu katikati ya punje, hivyo yakichemka nusu saa kila ung'ato ni moto mtupu. Unaweza pia kumwagia maji ya mpira ubavuni mwa sufuria, kwa nje. Wakati wa mchemko kamba huelea. Supu ikianza kupoa, maji huingia kwenye maganda nao huzama mmoja mmoja. Wakizama, wanakula viungo. Onja mmoja dakika ya 15, kisha kila baada ya dakika 5. Wengi hutoa kati ya 20 na 25. Kamba wenu wa mwaka jana, bila shaka, walitolewa mara tu walipoiva.

Uyoga mzima, gramu 700, ungoje dakika 10 za mwisho za loweko. Waonye wageni, kwani ukiung'ata humwaga supu yote kinywani. Nanasi lililokatwa vipande vinene liingie pamoja na mahindi, na litapoza ulimi vizuri. Kabichi ndogo za Brussels na atichoki ziende na viazi. Maharage machanga na asparagasi ziende na mahindi. Mayai yachemshwe kwingine, yamenywe, yaingie kwenye loweko. Shingo za bata mzinga ni nzuri sana, ila huhitaji zaidi ya saa nzima, kwa hiyo zichemshwe peke yake kwanza.

Siagi isiingie sufuriani; itaelea na kupotea. Fanya kama mikahawa ya Wavietnamu hapo Houston: yeyusha gramu 450 za siagi, kaanga kwa moto mdogo vichwa 4 vya kitunguu saumu vilivyotwangwa bila kuviacha vigeuke rangi, kisha changanya na kamba waliokwisha kutolewa na kuchujwa.

Mambo mawili ya usalama. Mwenye mzio wa kamba asile hata kiazi kutoka sufuria hii, achemshiwe vyake kando. Na kamba walioiva wasirudishwe katika gunia au boksi la barafu lililobeba wabichi, hata kwa dakika moja, isipokuwa limeoshwa kwa maji moto na sabuni. Bakteria wa wabichi huhamia kwa walioiva, na katika joto lile la vuguvugu huzaliana kwa kasi.

Ukipika gunia la pili katika supu hiyohiyo, ongeza nusu ya viungo, si vyote, na upunguze loweko kwa dakika 5.

Wasomaji wa Kenya mtapenda kujua kwamba kamba wekundu wa Ziwa Naivasha ni aina hiyohiyo, Procambarus clarkii, walioletwa ziwani mwaka 1970. Viungo vya mfuko visipopatikana, kwa lita 10 za maji na kilo 3 za kamba tia chumvi gramu 300, paprika gramu 60, pilipili kali ya unga gramu 50, vijiko vikubwa 2 vya mbegu za haradali, 2 vya mbegu za giligilani, kijiko kidogo cha karafuu na majani 4 ya mbei. Mbegu zifungwe kwenye kitambaa, la sivyo zitanasa kwenye miguu ya kamba na kuwasumbua walaji.