Gawanya kwanza, logi baadaye

Nilikuwa kidato cha tatu, Nachingwea. Mwishoni mwa Machi mjomba alikopa laki mbili kwa jirani, riba asilimia 10 kwa mwezi, na riba nayo inazaa. Angelipa korosho zikishauzwa. Akaniita barazani: “Mpwa wangu, wewe si unasoma hesabu? Deni hili litafika lini laki nne?”

Nikaandika 200,000 × 1.1ⁿ = 400,000, n ikiwa idadi ya miezi. Hadi hapo sawa. Kisha, kwa kiherehere changu, nikazidisha 200,000 kwa 1.1, nikapata 220,000ⁿ = 400,000. Nikafungua kitabu cha jedwali la logi (logi ya namba ni kipeo unachoipa 10 ili uipate namba hiyo), nikatoka na jibu: mwezi mmoja na siku moja na ushee.

Mjomba akacheka. “Mwezi wa kwanza riba ni elfu ishirini. Hiyo laki na themanini nyingine inatoka wapi?”

Hakuwahi kuiona logi, ila kosa alilinusa. Kipeo n kimeikalia 1.1 peke yake. Ile 200,000 haimo. Kwa hiyo iondoe kwanza kwa kugawanya pande zote: 1.1ⁿ = 2. Ndipo uweke logi, na kipeo kinashuka chini: n × log 1.1 = log 2. Jedwali linakupa 0.0414 na 0.3010. Gawanya, n ni kama 7.27. Riba inaongezwa mwisho wa mwezi, basi mwisho wa Oktoba deni ni kama 389,743, na Novemba linaruka hadi 428,718.

Siku hizi nafundisha tuisheni, na kosa ninalolisahihisha zaidi liko hapo kwenye kugawanya. Mwanafunzi anaona log 2 juu ya log 1.1, anakumbuka kanuni ya kutoa, anaandika 0.3010 − 0.0414. Hiyo ni log ya (2 ÷ 1.1), kitu kingine kabisa. Hapa logi mbili ni namba za kawaida, zigawanye kama unavyogawanya elfu sita kwa watu watatu.

Na logi usiikimbilie kila mahali. 3 × 2ˣ = 48 ukiigawanya kwa 3 unabaki na 16, ambayo ni 2⁴. Jedwali la nini?

Mjomba alipoona hesabu ya Novemba, korosho hakuzingoja. Aliuza ufuta mwishoni mwa Juni, akalipa 266,200.