Goli la wote, kocha wa kulipwa

Maswali ya safari hii karibu yote yanatoka viwanja vya kikapu vya Dar es Salaam, na karibu yote ni ugomvi ule ule wa jioni: kiwanja ni cha kocha mwenye darasa au cha mtaa? Nimechagua yanayojibika.

Shikamoo Mwalimu. Je, inaruhusiwa kufundisha kwa malipo kwenye kiwanja cha umma? (Msomaji, Kinondoni)

Marahaba. Swali hili linarudi kila mara bila jina la kiwanja, na bila jina la kiwanja halijibiki. Kuna kiwanja cha shule, cha kanisa, cha manispaa, na kuna kile alichojenga mfadhili akaondoka. Anza kwa afisa mtendaji wa mtaa, umuulize kiwanja ni cha nani. Kisha omba ruhusa ya maandishi yenye siku, saa na idadi ya wanafunzi. Mlinzi kukufungulia geti si ruhusa.

Tuko kumi na wawili, tunacheza tukitoka kazini. Saa kumi na moja anakuja kocha na watoto wanane, anatutoa kiwanja kizima. Anasema ana darasa. (Temeke)

Kiwanja kisicho na taa kina muda mfupi. Jua linaanza kupoa saa kumi, na ikifika saa kumi na mbili na nusu mpira hauonekani. Darasa la saa moja na nusu kwenye kiwanja kizima limeshakula zaidi ya nusu ya jioni ya mtaa mzima. Wazazi wamemlipa kwa ujuzi wake tu. Goli hakulinunua, kwa hiyo hana goli la kuwauzia wao wala la kuwafungia nyinyi.

Tena watoto wanane hawahitaji mita 28 kwa 15. Nusu inawatosha na chenji inabaki: wanne wanapiga kutoka mstari wa mitupo huru, wanne wanadunda kati ya koni kule pembeni, wanabadilishana kila dakika tano. Kupasha mwili moto, kuruka kamba, kunyoosha viungo na yale mawaidha marefu ya kocha vifanyike nje ya mistari. Siku moja shika saa, uhesabu ni dakika ngapi goli linakaa bure huku watoto wameketi chini yake wanasikiliza hotuba.

Nusu ya pili chezeni tatu kwa tatu kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia: dakika 10, au timu ya kwanza kufika pointi 21. Anayefungwa anatoka. Kumi na wawili ni timu nne, kwa hiyo aliyetoka anasubiri michezo miwili tu, kama dakika 20. Na nanyi msijifanye malaika. Watu wazima wanaowafukuza watoto kwa kisingizio cha "mazoezi ya ligi" wana kosa lile lile.

Nimenunua nyavu mbili na kupaka mistari kwa pesa yangu. Sina haki ya kwanza? (Kocha, Ilala)

Huna. Ulitoa zawadi. Ukitaka ihesabike, mwandikie mwenye kiwanja kabla ya kununua, mkubaliane unapewa saa zipi na kwa miezi mingapi. Halafu hiyo rangi, natumaini si ya mafuta, ile ya milango. Juu ya saruji laini, ikipata umande wa asubuhi, inateleza kama sabuni. Changanya na mchanga laini uliochekechwa, mstari uwe sentimita 5, na usiruhusu mtu akanyage mpaka ikauke kabisa. Na kama umeandika namba yako ya simu kwenye ubao wa goli, kama wafanyavyo wenzako, ifute.

Kocha anatoza 30,000 kwa mwezi, na anasema 5,000 kati yake ni "ya kiwanja". Nitajuaje? (Mama wa watoto wawili, Tabata)

Mwombe kumbukumbu namba. Malipo ya serikali, ya halmashauri yakiwamo, yana ankara yenye namba hiyo. Kiwanja kikiwa cha shule au kanisa, dai stakabadhi yao yenye mhuri. Ikiwa elfu tano inaishia kwenye simu ya mtu, mama, hujalipia kiwanja chochote.

Hukuuliza, lakini nakuambia: kocha asibaki peke yake na mtoto mmoja giza likiingia, na meseji zipite kwenye simu yako, si ya mtoto. Anayekasirika kwa masharti hayo mwache aende na wateja wengine. Tazama na mpira pia. Walio chini ya miaka 12 wanatumia mpira mdogo, wa ukubwa namba 5. Mtoto mdogo akipewa namba 7, ule mkubwa wa wanaume, anaurusha kutoka kiunoni kwa mikono miwili, na mkono ukishazoea hivyo kuunyoosha ni kazi.

Kwetu ni tenisi. Kocha ana mwanafunzi mmoja na ndoo ya mipira, na watoto wa mtaa wanamwokotea. Kuna ubaya? (Msomaji, Arusha)

Upo. Watoto wanainama saa nzima kwa ahadi ya kupiga mipira mitatu mwishoni, na mara nyingi hata hiyo mitatu inamezwa na giza. Awalipe, awafundishe, au aokote mwenyewe. Kiwanja kimoja cha tenisi kikigawanywa kwa upana kinatoa viwanja vinne vidogo vya mipira laini myekundu, kwa hiyo asiseme nafasi hakuna. Na asimwage mipira 60 karibu na kiwanja cha jirani. Mmoja ukiingia kule katikati ya mchezo, pointi inarudiwa. Mtu akiukanyaga, kifundo cha mguu hakirudiwi.

Kocha anataka ada ya miezi mitatu kwa pamoja, kuanzia Machi. Nilipe?

Machi hadi Mei ni masika, na kwenye saruji iliyolowa hakuna darasa. Lipa mwezi kwa mwezi, na mwandikiane kwamba siku zilizoliwa na mvua zinahamia mwezi unaofuata.